Fainali za roboti: waje wote au waje walio bora?

Aprili 2015 shirika la FIRST la Marekani, ambalo huendesha mashindano makubwa ya roboti kwa wanafunzi wa sekondari, lilitangaza kuwa kuanzia 2017 fainali yake ya dunia ingekuwa mbili. Hadi hapo timu zilizofuzu zilikuwa zikikutana zote St. Louis, Missouri. Chini ya mpango mpya, nusu ya timu zingekwenda Houston, Texas, na nusu nyingine zingebaki St. Louis kwa mwaka mmoja kabla ya kuhamia Detroit. Kila mji ungekuwa na bingwa wake.

Waandaaji walikuwa na sababu nzuri. Timu zilikuwa zimefika takriban 2,900, ukumbi wa St. Louis ulibeba 600 tu, na watoto wengi walikuwa wakimaliza shule bila kuiona fainali hata mara moja. Kwa kugawa, nafasi zingeongezeka. Lakini habari iliyotangazwa kama neema ilipokewa kwa zogo. Wanafunzi, walimu, wazazi na mainjinia wanaojitolea kulea timu hizo walihoji: kukiwa na mabingwa wawili wa dunia, bingwa ni yupi?

Swali lilikuwa zito kiasi kwamba Julai 2017 FIRST iliita washindi wa Houston na wa St. Louis wakapambane Manchester, New Hampshire, ili kiu ya watu ikatike. Mwaka uliofuata pambano hilo halikurudiwa. Kisha 2020 korona ikafuta fainali zote mbili, na mashindano yaliporejea kwa ukamilifu 2022 yakarejea na fainali moja tu, ya Houston.

Huku kwetu Afrika Mashariki vilabu vya roboti vinazidi kuchipua mashuleni, na atakayeanzisha ligi ya wilaya au ya taifa atakutana na mtihani uleule: aite kila shule inayotaka kuja, au aite zile tu zilizoonyesha uwezo? Yaliyowakuta waliotutangulia yanaonyesha kwamba wengi huligombania jambo hili mahali pasipo pake. Hubishania mlango wa fainali, ilhali jibu liko huku chini, kwenye ngazi zinazompandisha mtoto hadi kuufikia mlango huo.

Kila upande una haki yake

FIRST ilianzishwa mwaka 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa vifaa vya tiba, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika 1992 kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire, yakiwa na timu 28. Kamen alitaka vijana wawashabikie mainjinia kama wanavyowashabikia wachezaji wa mpira. Mwenzake, Profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT, akaingiza humo maadili ya ushindani wa kiungwana: pambana kufa na kupona uwanjani, lakini ukisikia mpinzani amekosa mota, mkopeshe yako. Kwa msingi huo roboti ni chambo tu. Samaki anayetafutwa ni mtoto. Ukiangalia hivyo, kila mtoto anayefungiwa nje ni hasara, na fainali mbili zina faida kuliko moja.

Wapinzani hawakuwa wachoyo wanaotaka kukumbatia kombe. Hoja yao yenye nguvu ilikuwa kwamba ubora wenyewe ndio unaowavuta watoto. Timu changa ya kijijini haisafiri maelfu ya kilomita kwenda kula pizza na kupiga picha. Inakwenda kuiona kwa macho roboti ya timu namba 254 ya San Jose, California, ambayo imetwaa ubingwa mara kadhaa. Inakwenda kuinama chini ya mashine hiyo, kuuliza mnyororo ule umekazwaje, na kurudi nyumbani na daftari lililojaa michoro. Ukigawa fainali, mtoto huyo anawaona nusu tu ya wakali. Ukijaza fainali kwa timu zilizopata nafasi kwa bahati nasibu, anatumia muda wake kuangalia mashine zinazofanana na yake.

Hapo ndipo penye ugumu. Wachanga ndio wanaouhitaji ubora kuliko mtu mwingine yeyote, maana wakali tayari wanao. Anayeshusha kiwango ili kuwahurumia wanyonge huenda akawanyima kile hasa walichokifuata.

Hesabu ya uwanjani

Kabla ya kuegemea upande wowote, tupige hesabu. Katika mashindano haya roboti sita huingia uwanjani kwa pamoja, tatu za muungano mwekundu na tatu za muungano wa buluu. Mechi huchukua kama dakika mbili na nusu. Sekunde chache za mwanzo roboti hujiendesha zenyewe kwa programu, kisha madereva hushika usukani. Katika raundi za mchujo wenza hupangwa na kompyuta bila kuchagua: leo unacheza na bingwa, baada ya saa moja unacheza na roboti isiyotembea.

Chukua kundi moja (divisheni) la fainali lenye timu 75. Ili kila timu icheze mechi 10 zinahitajika mechi 125. Ukijumlisha muda wa kupanga uwanja upya na kuunganisha mitambo, kila mechi hula kama dakika saba. Hiyo ni saa 14 na nusu, yaani siku mbili kamili za kazi, bado hujafika hatua ya mtoano. Sasa ongeza timu 25 kwa moyo mwema, zifike 100. Kama siku hazikuongezeka, kila timu itacheza mechi saba au nane badala ya 10.

Mechi mbili au tatu zinaonekana kitu kidogo, lakini msimamo unategemea wenza ambao hukuwachagua. Mechi zikiwa nyingi, bahati mbaya na bahati njema hufutana, na timu nzuri huelea juu. Zikiwa chache, timu nzuri iliyopewa wenza wabovu mara tatu imekwisha. Na yule mchanga aliyekaribishwa kwa ukarimu naye amepunjwa: amesafiri mbali ili acheze kidogo.

Kwa hiyo kipimo cha kuhesabu waliopita getini hakitoshi. Mwandaaji mwenye nia ya kushirikisha wengi angehesabu dakika ambazo kila mtoto ameiona roboti yake ikitembea uwanjani. Mtoto aliyefika fainali ya dunia akatazama mashine yake ikisimama kama gogo mechi sita kati ya nane ameshirikishwa kwa jina tu.

Somo la AFCON

Mashabiki wa soka wanaujua mjadala huu vizuri. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) lilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 24 mwaka 2019 nchini Misri, Tanzania ilirudi kwa mara ya kwanza tangu 1980, na Kenya, Uganda na Burundi zikawamo pia. Tanzania ilifungwa mechi zote tatu, Burundi vilevile. Waliopinga upanuzi walinyoosha vidole: mechi 36 za makundi zimechezwa ili kuondoa timu nane tu! Lakini katika mashindano hayohayo Madagascar, iliyokuwa haijawahi kukanyaga AFCON, iliifunga Nigeria, ikaongoza kundi, ikaitoa DRC kwa penalti na kufika robo fainali.

Nani alisema kweli? Wote. Kupanua mlango kuliingiza timu zilizofungwa na kuingiza timu iliyowashangaza wakubwa, na hakuna aliyejua mapema ipi ni ipi. Ila tukumbuke kwamba Madagascar haikuokotwa mtaani. Ilipita kwenye mechi za kufuzu. Upanuzi ulifanya kazi kwa sababu chini yake palikuwa na mchujo wa kweli, ambamo kila nchi ilicheza mechi zake nyumbani na ugenini kabla ya kuhesabiwa.

Roboti ya tatu

Roboti zina jambo ambalo soka haina. Baada ya mchujo, timu nane za juu huwa manahodha na kuchagua wenza wao mbele ya ukumbi mzima. Nahodha wa kwanza huchagua kwanza, hadi wa nane; kisha mzunguko unageuka, wa nane anaanza na wa kwanza anamaliza. Hivyo anayeongoza msimamo anapata roboti ya pili iliyo bora, lakini roboti ya tatu anaipata wakati wengine wote wameshachagua. Mfumo huu ulikusudiwa kumbana mkubwa, na unambana kweli.

Matokeo yake ni kwamba ubingwa mara nyingi huamuliwa na roboti ya tatu. Timu kubwa huwatuma wanafunzi wao jukwaani siku nzima na vishikwambi, wakiandika habari za kila roboti, na wanayemtafuta mwishoni si wa ajabu. Wanamtafuta asiyezimika. Timu changa yenye mashine duni inayofanya kazi moja bila kukosea, mathalani kumzuia mpinzani asipite, inaweza kuokotwa kutoka nafasi ya 40 na kuondoka na medali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; hapa mwenyeji ana kila sababu ya kumwombea mgeni afike akiwa mzima.

Kanuni za mchezo zenyewe zinaweza kuukuza uhusiano huo au kuuvunja. Mwaka 2014 kila muungano ulikuwa na mpira mkubwa mmoja, na pointi zililala kwenye kupasiana. Mpira ukiguswa na roboti mbili kabla ya kufungwa, mnaongezewa 10. Ukiguswa na zote tatu, mnaongezewa 30. Ghafla timu kubwa zikaonekana kwenye vibanda vya timu ndogo na mabomba ya plastiki, nati na vipande vya mbao, zikiwafungia wenza wao kifaa cha kudaka mpira. Mwaka uliofuata mchezo ukawa wa kupanga makasha, kila muungano upande wake. Roboti moja hodari iliweza kupanga karibu kila kitu, na mwenza dhaifu akaombwa kwa adabu asogee pembeni asije akaangusha mnara. Mashindano ni yaleyale na timu nyingi ni zilezile, lakini mwaka wa kwanza mnyonge alikuwa mali, wa pili akawa mzigo.

Ukisimama kwenye eneo la vibanda asubuhi ya siku ya kwanza, utaona jinsi umbali kati ya mzigo na mali ulivyo mdogo. Kila timu ina kibanda cha kama mita tatu kwa tatu, meza moja, betri za volti 12 zinazochajiwa na wanafunzi waliovaa miwani ya usalama. Roboti iliyokufa uwanjani hurudishwa kwenye kitoroli, na mara nyingi ugonjwa wake ni wa kitoto: waya wa betri umelegea, redio imepoteza umeme baada ya kugongwa, programu ilipakiwa toleo la juzi. Mtaalamu wa kujitolea anainama na bisibisi, anavuta kila waya kwa vidole, mmoja unamfuata mkononi. Anaukaza. Mechi inayofuata roboti inatembea. Huyo mtu mmoja ameongeza ushirikishwaji na ubora kwa pamoja, na hakuhitaji kuongeza wala kupunguza nafasi hata moja ya fainali.

Michigan walianzia chini

Mwaka 2009 jimbo la Michigan lilijaribu njia nyingine. Kabla ya hapo timu ililipa maelfu ya dola kushiriki mashindano ya kanda mara moja, kwenye ukumbi mkubwa wa kukodi wenye taa za disko na skrini kubwa. Ikitolewa, msimu umekwisha. Michigan ikafuta mbwembwe hizo. Mashindano yakahamia kwenye kumbi za michezo za shule, na kwa ada ileile kila timu ikapewa mashindano mawili ya wilaya, yenye mechi 12 za mchujo kila moja. Pointi zikajumlishwa, zilizofanya vizuri zikaenda fainali ya jimbo, na kutoka hapo fainali ya dunia.

Mtoto wa Michigan akawa na uhakika wa mechi 24 kwa msimu hata kama roboti yake ni ya mwisho. Akiharibikiwa katika shindano la kwanza, ana wiki kadhaa za kurekebisha kabla ya la pili. Kwa kuwa kila timu ilikuwa imecheza sana, zile zilizofika juu zilikuwa zimepikwa zikaiva. Michigan imeendelea kuwa na timu nyingi kuliko jimbo jingine lolote na hutoa wakali kila mwaka. Majimbo mengine yakaiga.

Sheria ya mfuko nayo ina funzo. Kwa miaka mingi timu zilipewa wiki sita za kuunda roboti, kisha mashine ilifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kupigwa lakiri yenye namba, isiguswe hadi siku ya mashindano. Nia ilikuwa usawa: maskini na tajiri wapate muda uleule. Lakini tajiri aliunda roboti mbili. Moja ikaingia mfukoni, ya pili ikabaki karakanani, ambako madereva walifanya mazoezi usiku na mchana. Maskini mwenye roboti moja alikaa akiutazama mfuko. Sheria iliyowekwa kumlinda mnyonge ilimfunga mikono, na kuanzia msimu wa 2020 ikafutwa.

Kilichowasaidia wanyonge zaidi ni ukarimu wa wakubwa. Timu namba 118 ya Texas, inayolelewa kwa karibu na NASA, huchapisha kila msimu mchoro kamili wa roboti rahisi, inayoweza kuundwa kwa zana za kawaida na fedha kidogo, na ikifuatwa vizuri inashinda mechi. Shule isiyo na injinia hata mmoja inaanza na kitu kinachotembea. Kutoka hapo inaboresha.

Njia zaidi ya moja ya kufuzu

Kuna wanaotaka fainali iwe ya roboti kali tu, basi. Mimi sikubaliani nao. FIRST imekuwa na tuzo yake ya juu kabisa, ambayo tangu 2023 inaitwa FIRST Impact Award, inayotolewa kwa timu iliyobadilisha jamii yake: iliyolea timu nyingine au kufundisha watoto wa shule za msingi. Washindi wa tuzo hiyo mikoani hupata tiketi ya fainali hata roboti yao ikiwa ya wastani. Kuna waliolalamika kwamba wanachukua nafasi za wakali. Lakini mtu aliyeanzisha timu tano mtaani kwake ameongeza ubora wa mashindano kuliko aliyeongeza kasi ya mkono wa roboti, na tiketi yake ameitolea jasho. Upendeleo ni nafasi isiyofanyiwa kazi. Hii imefanyiwa kazi mbele ya majaji.

FIRST Global, mashindano mengine yaliyoasisiwa na Kamen, yamekwenda mbali zaidi. Tangu 2017 kila nchi huleta timu moja tu, iwe Marekani au kisiwa chenye watu laki moja, na zote hupewa sanduku la vifaa vinavyofanana. Yameshafanyika Washington, Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na Athens, na nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikipeleka vijana wao. Hapa usawa umeandikwa ndani ya kanuni yenyewe. Hata hivyo, kanuni haivuki mpaka peke yake. Mwaka ule wa kwanza wasichana wa Herat, Afghanistan, walinyimwa viza mara mbili, na sanduku lao lilichelewa. Waliingia Marekani baada ya Rais wa nchi hiyo kuingilia kati, mlango ukiwa karibu kufungwa. Walioandika kanuni za usawa walitimiza sehemu yao, lakini mwenye muhuri alikuwa mwingine.

Tukianza, tuanzie wapi?

Kuandikisha timu moja kwenye mashindano ya FIRST ya sekondari hugharimu takriban dola 6,000, yaani karibu shilingi milioni 15 za Tanzania, kabla ya tiketi ya ndege. Kwa shule ya Tabora au Kisumu hiyo si ada, ni ukuta. Ndiyo maana kishawishi kwetu ni kuanza na fainali: tafuta mdhamini, kodi ukumbi wa kimataifa, alika waziri, chagua timu tatu kutoka shule za ada kubwa, zipande ndege, gazeti lipige picha. Kwa njia hiyo hatutapata ushirikishwaji wala ubora. Tutapata timu ileile kila mwaka, isiyo na wa kuitoa jasho nyumbani, na itakayokutana na mechi yake ya kwanza ngumu ikiwa ugenini.

Ngazi tunaijua tayari. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, huanzia shuleni, hupanda wilayani, mkoani, kisha taifa, na kwenye viwanja vya vumbi vya wilaya ndipo vipaji vingi huonekana kwanza. Roboti zinaweza kupanda ngazi ileile. Jumamosi mbili kwa muhula, ukumbi wa shule au bwalo la chakula, uwanja wa mbao uliochongwa na fundi wa mtaani, vifaa vya bei nafuu vinavyofanana kwa wote, mechi za kutosha ili aliyeharibikiwa asubuhi awe na nafasi ya kujirudi jioni. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wawe ndio wale wenye bisibisi. Mchezo utungwe ili mwenza dhaifu awe na kazi ya kufanya. Timu kongwe ipewe pointi za kufuzu kwa kulea timu mpya, na mtoto mpya apewe mchoro wa roboti inayotembea kabla hajaambiwa abuni ya kwake.

Tukishafanya hayo, fainali ya taifa na iwe ndogo na kali, bila kuomba radhi. Timu 24 zinatosha, na anayebaki nje abaki akijua amecheza mechi 20 msimu huu na anajua ni zipi zilizomwangusha. Mdhamini anayetaka jina lake libandikwe kwenye fainali aambiwe alipie kwanza zile Jumamosi.